Kula Valencia kama mwenyeji: mwongozo kamili wa kukwepa wali wa njano na kuipata paella yenyewe

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Mtu anafunga safari hadi Valencia, mji wa paella, anaketi mezani saa mbili usiku karibu na kanisa kuu, analetewa wali wa njano unaong'aa, una njegere na vipande vya soseji, umelowa kama uji. Anarudi nyumbani akisema pilau ya mama yake inaushinda mara mia. Inaushinda kweli, kwa sababu alichokula hakikuwa paella.

Valencia chakula kinakwenda kwa saa, kwa kuagiza mapema na kwa kujua kipi kinapikwa wapi. Ukikosea kimojawapo unaangukia mikononi mwa migahawa inayoishi kwa wageni wa siku moja. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana ya tatu haifanyi kazi kama umeruka ya kwanza.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Saa 8 mchana ndiyo 14:00 utakayoiona imeandikwa kwenye mlango wa mgahawa. Ukitoka Afrika Mashariki, Hispania iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Badilisha simu yako mapema, usije ukapoteza meza kwa sababu hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Siku moja nzima na nusu ya pili. Isiwe Jumatatu kama unaweza, kwa kuwa migahawa mingi hupumzika siku hiyo. Alhamisi na Jumapili ndizo siku za wali, ila Jumapili familia za mji hujaza meza zote.
- Mwenzako, angalau mmoja. Paella hupikwa kuanzia watu wawili. Aliye peke yake ana njia yake, tutafika huko.
- Nafasi iliyowekwa siku mbili tatu kabla. Kwa Jumapili, weka wiki nzima kabla.
- Bajeti. Wali mzuri mara nyingi ni kati ya euro 15 na 25 kwa kila mlaji, bila kinywaji wala mkate.
- Sentensi chache za Kihispania kwenye simu:
  - *¿La paella la hacen al momento?* (Mnaipika papo hapo?)
  - *¿Mínimo cuántas personas?* (Kuanzia watu wangapi?)
  - *¿Lleva cerdo?* (Ina nguruwe?)
  - *¿El caldo es de pescado o de pollo?* (Supu yake ni ya samaki au ya kuku?)
  - *¿Lleva vino?* (Imetiwa mvinyo?)
  - *Sin jamón, sin beicon.* (Bila nyama ya nguruwe ya kukausha wala beikoni.)

### Kwa wasiokula nguruwe na wanaotafuta halali

Soma hapa kwanza, kwa sababu inabadilisha utakachoagiza hatua zote zinazofuata.

Paella ya asili ya Valencia haina nguruwe, na watu wengi hawalijui hilo. Ina kuku na sungura. Tatizo ni uchinjaji: kuku na sungura wa migahawa ya kawaida hawakuchinjwa kihalali, na mhudumu hawezi kukuhakikishia lolote. Kama unashika sharti hilo, nenda kwenye wali wa samaki na kamba, kisha uulize maswali mawili ya mwisho wa orodha: supu na mvinyo. Usidanganyike na jina "paella ya mboga". Jiko lenye haraka hutumia supu ya kuku iliyo tayari hata kwenye mboga.

Ndugu zetu wa Kishia wana kazi zaidi, maana sungura, ngisi, kome na mkunga wote hawaliwi kwao. Kwao wali wa mboga uliopikwa kwa supu ya mboga ndio njia iliyonyooka.

Na jambo moja linalowakamata wengi: *Agua de Valencia*, "maji ya Valencia", si maji. Ni juisi ya machungwa iliyochanganywa na cava (mvinyo wa mapovu), vodka na jini. Huletwa kwenye jagi kama sharubati, rangi ni ya sharubati, na hata ladha ya kwanza ni ya sharubati.

## Hatua ya 1: Badilisha ratiba ya tumbo

Mji huu unakula hivi. Asubuhi mapema ni kahawa na kitu kidogo tu. Kuanzia saa 3:30 hadi saa 5:30 asubuhi ni *esmorzaret*, mlo wa katikati ya asubuhi ambao Valencia unaheshimiwa kama ibada. Chakula kikuu ni saa 8 hadi saa 9:30 mchana. Jioni ni horchata, kinywaji baridi cha hapa, na chakula cha usiku huanza saa 3.

Wali ni chakula cha mchana. Wenyeji wanauona mzito kwa usiku, kwa hiyo jiko linalojiheshimu halina mpishi wa paella anayesubiri wateja usiku. Kuanzia kama saa 10 alasiri majiko hufungwa, na hayafunguki tena mpaka saa 2 au 2:30 usiku. Mgeni anayepata njaa saa 12 jioni anakuta milango iliyo wazi ni ile tu iliyofunguliwa kwa ajili yake, na ndani kuna wali ulioganda unaopashwa moto.

Ukifanya hatua hii peke yake na ukasahau nyingine zote, tayari umejiepusha na nusu ya hasara.

## Hatua ya 2: Ijue paella kabla hujaiona

Huwezi kukataa kibaya kama hujui kizuri kinavyotengenezwa. Kwa aliyezoea pilau, njia rahisi ni kutazama wapi mapishi haya mawili yanaachana.

Kwanza, *paella* ni jina la chombo: kikaango kipana cha chuma, chenye mikono miwili na kina kifupi. Upana ndiyo siri yote. Pilau tunaipika kwenye sufuria yenye kina, tunafunika na wengine tunapalia makaa juu, mvuke uivishe. Paella haifunikwi. Maji yanatakiwa yapae hewani, wali ubaki mkavu juu na ushike chini.

Viungo vya paella ya Valencia vinahesabika kwa vidole kumi: mchele, maji, mafuta ya zeituni, chumvi, zafarani, nyanya, kuku, sungura, maharage mabichi mapana ya maganda, na *garrofó*, ambayo ni fiwi kubwa nyeupe. Jamii ile ile ya fiwi tunayoijua, ila punje yake ni pana na inalainika mdomoni kama siagi. Kulingana na kijiji na msimu wanaongeza atichoki, bata, konokono, paprika, kitunguu saumu au tawi la rozmari. Kitunguu maji hakimo, kwa kuwa kinatoa maji na kulainisha wali. Soseji haimo. Kamba na kuku hawakutani kwenye chombo kimoja. Ukiona vyote viwili pamoja, hiyo inaitwa *mixta* na ilibuniwa kwa ajili ya wageni.

Sasa tazama kazi ilivyo:

1. Nyama inakaangwa kwa mafuta ya zeituni na chumvi, taratibu, nusu saa au zaidi, mpaka iwe kahawia kabisa. Rangi ya paella inaanzia hapa.
2. Maharage yanaingia, kisha nyanya iliyokunwa inakaangwa mpaka maji yake yaishe. Paprika inatupwa sekunde chache tu, kwa sababu ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa.
3. Maji yanajazwa karibu na ukingo, fiwi inaingia, na mchuzi unachemka mpaka ushuke usawa wa misumari inayoshikilia mikono ya kikaango. Hicho ndicho kipimo cha wazee, hakihitaji kikombe.
4. Zafarani, kuonja chumvi (mchuzi uwe umezidi kidogo, kwa kuwa mchele utainywa), kisha mchele, kama gramu 100 kwa kila mtu. Unatandazwa mara moja. Baada ya hapo hakuna kukoroga. Ukikoroga unatoa wanga, na wali unageuka uji.
5. Moto mkali dakika 8 hadi 10, halafu mdogo mpaka zitimie kama 18 au 20. Ukipikiwa kwa kuni, mara nyingi ni za mchungwa, na moshi wake unaingia kwenye wali.
6. Dakika 5 za kupumzika kabla ya kuliwa.

Mchele ni mfupi wa duara. *Bomba* unavumilia, hauvunjiki hata ukizidishiwa dakika mbili. *Senia* unakunywa ladha vizuri zaidi lakini hausamehi. Ukipitiliza kidogo tu umeharibika. Basmati haifai hapa hata kidogo, kwa sababu haikusudiwi kunyonya mchuzi namna hiyo.

Jumlisha dakika zote hizo. Ndiyo maana paella iliyofika mezani dakika kumi baada ya kuagizwa haikupikwa kwa ajili yako. Migahawa mizuri huandaa nyama na mchuzi mapema, lakini mchele lazima uingie baada ya wewe kuagiza, kwa hiyo kungoja dakika 20 hadi 30 ni dalili njema.

## Hatua ya 3: Chagua mgahawa na uweke nafasi

Tembea mchana mbele ya mlango kabla ya kuamua. Ondoka ukiona mojawapo ya haya:

- Bango lenye picha za paella nane au kumi zilizo sawa sawa, zenye rangi ya kung'aa. Hizo huja zimegandishwa kutoka kiwandani, na bango huja na bidhaa.
- Mtu amesimama nje akiita wapita njia.
- Paella inayouzwa kwa sahani ya mtu mmoja saa yoyote, mchana na usiku.
- Soseji ya *chorizo* kwenye picha.

Baki ukiona orodha fupi ya wali, maneno *por encargo* (kwa kuagiza kabla) au *mínimo 2 personas*, na meza zilizojaa watu wanaoongea Kivalencia saa 8:30 mchana. Neno *a leña* maana yake kwa kuni. Kuna majina ya zamani yanayojulikana, kama Casa Carmela upande wa ufuoni, iliyoanza 1922 na inayopika kwa kuni za mchungwa, lakini huko bila nafasi iliyowekwa mapema usijisumbue.

Unapopiga simu, sema vitu vitatu: siku na saa, idadi ya watu, na wali gani mnataka. Hilo la tatu ndilo wageni wanalolisahau. Mgahawa unaopika kwa kuni unahitaji kujua mapema ni vikaango vingapi vya kuku na sungura vitakavyowashwa. Ukifika na meza bila kuagiza paella, utaambiwa kwa upole kwamba imekwisha.

Tahadhari ya bei. Kwenye orodha bei ya wali ni ya mtu mmoja, si ya kikaango. Ukisoma euro 18 na chini yake *mínimo 2*, utalipa 36. Watu wamegombana na wahudumu wasio na kosa kwa sababu ya mstari huu mmoja.

Tena, watu wote wa kikaango kimoja wanakula wali wa aina moja. Mkiwa wanne na mnataka aina mbili, ni vikaango viwili vya watu wawili wawili.

### Ukiwa peke yako

Tafuta *menú del día* siku ya Alhamisi: chakula cha mchana cha bei moja, chenye sahani ya kwanza, ya pili, kitindamlo au kahawa, mkate na kinywaji. Mabaa mengi ya mitaani huweka paella kama sahani ya kwanza siku hiyo, na humo ndimo wafanyakazi wa ofisini wanamokula. Fika saa 8 kamili, kikaango kinapotoka jikoni. Ukifika saa 9:30 unapewa kilichobaki, na wali uliokaa saa nzima umeshakunywa mchuzi wote na kulainika.

## Hatua ya 4: Asubuhi, esmorzaret, lakini kwa kiasi

Ingia baa ya mtaani saa 4 asubuhi. Mitaa ya El Cabanyal, karibu na bahari, ni mizuri kwa hili. Usisubiri kupangiwa chakula chote mara moja, kuna utaratibu.

Kwanza kinakuja *el gasto*: karanga za maganda, zeituni na achari, pamoja na kinywaji. Karanga yao ya nyumbani inaitwa *cacau del collaret*, ndefu, ya kuchoma na maganda yake. Maganda unaacha mezani, ndivyo ilivyo.

Kisha *bocadillo*, mkate mrefu uliojazwa. Hapa wasiokula nguruwe waangalie vizuri, kwa kuwa majina hayasemi kilichomo:

- *Chivito*: nyama ya nguruwe, beikoni, yai, majani, mayonezi.
- *Almussafes*: soseji laini ya nguruwe, jibini, kitunguu kilichokaangwa kikawa kitamu.
- *Brascada*: nyama ya ng'ombe na kitunguu, lakini pia jamón. Wengi wanaponzwa hapa. Sema *sin jamón*.
- *Blanco y negro*: soseji mbili za nguruwe, moja ya damu.
- *Tortilla de patatas*: mayai na viazi, karibu sana na chipsi mayai, ila nene na laini ndani.
- *Calamares* au *sepia*: ngisi.

Agiza *medio*, nusu. Mkate mzima ni mlo wa mtu aliyeamka alfajiri kwenda shamba, nawe una paella saa 8. Anayemaliza mzima hufika kwenye wali akiwa hana pa kuuweka, kisha analaumu wali.

Mwisho ni kahawa. *Cremaet* ni kahawa juu ya ramu iliyowashwa moto pamoja na sukari, ganda la limau, mdalasini na punje za kahawa. Moto hauondoi pombe yote. Asiyekunywa aagize *café solo* au *cortado*.

## Hatua ya 5: Mezani

Mhudumu mwema atakuletea kikaango ukione kabla hajapakua. Huu ndio wakati wa kukagua, kabla kijiko hakijaingia.

Rangi. Hudhurungi yenye dhahabu. Njano kali ya kung'aa ni rangi ya pakiti. Zafarani haing'ai hivyo.

Kimo. Tabaka la wali lisizidi unene wa kidole, likiwa jembamba zaidi ni bora. Wali uliorundikana kama kilima haukupata moto sawa.

Punje. Kila moja imesimama peke yake, haing'ang'anii jirani. Mchuzi usionekane.

Chini. Hapa ndipo penyewe. Sukuma kijiko mpaka chuma na ukwangue taratibu. Unatakiwa usikie mkwaruzo mkavu, kisha kijiko kije na utando wa wali uliogandamana, wa kahawia kama karameli, unaonata kidogo kwenye meno. Wanauita *socarrat*. Sisi tunauita ukoko, na aliyelelewa kugombania ukoko wa sufuria ya nyumbani hahitaji kuelezwa zaidi. Tofauti ni kwamba wetu hutokea tu, wao wanautafuta kwa makusudi: dakika ya mwisho mpishi anaongeza moto na kusikiliza wali ukitatarika. Ukoko mweusi wenye uchungu umeungua, na una haki ya kusema.

Ukiulizwa kama mnataka sahani au mle kwenye kikaango, chagua kikaango. Kila mtu anakula sehemu iliyo mbele yake, kama kipande cha pembetatu, kuanzia ukingoni kwenda katikati, kwa kijiko cha mti. Tumezoea sinia, kwa hiyo adabu yenyewe tunayo tayari: usivuke mpaka wa mwenzako. Nyama usiyoitaka isukume katikati, atakayetaka atachukua. Limau likiletwa liache. Asidi yake inafunika zafarani uliyoilipia.

Anzeni mara tu kinapotua. Kikaango chembamba kinapoa haraka, na ukoko ukipoa unakuwa mgumu kama ngozi.

## Hatua ya 6: Wali mwingine wa kujua

Paella ya kuku na sungura ni moja tu kati ya jamii kubwa ya wali.

*Arròs del senyoret* ni wali wa vyakula vya bahari vilivyomenywa vyote, hakuna kuchafua vidole. Kwa anayeanza, na kwa anayekwepa nyama, hapa ndipo pa kuanzia. *Arròs a banda* unapikwa kwa supu nzito ya samaki, na wali wenyewe ndio unaobeba ladha. Huliwa na *allioli*, rojo la kitunguu saumu na mafuta. *Arròs negre* unapata weusi wake kwenye wino wa ngisi. Meno yatakuwa meusi kwa muda, hakuna ubaya. *Fideuà*, inayotoka Gandia, inapikwa hivyo hivyo ila kwa tambi fupi badala ya mchele.

*Arròs al forn* ni wali wa tanuri kwenye chungu cha udongo: dengu, viazi, nyanya na kichwa kizima cha kitunguu saumu katikati. Unavutia macho, lakini una mbavu na soseji ya damu ya nguruwe, na mafuta yake ndiyo ladha yake. Kuomba uondolewe nguruwe ni kuomba chakula kingine.

Neno *meloso* maana yake wali wenye rojo, na *caldoso* wenye mchuzi mwingi. Ukiagiza hizo usidai ukoko, haziletwi na ukoko.

## Hatua ya 7: Horchata jioni, Alboraya

Saa 11 jioni panda metro mstari wa 3 mpaka kituo cha Alboraia-Peris Aragó, mji mdogo uliopakana na Valencia upande wa kaskazini. Mashamba ya *chufa* yako pale pale.

Chufa ni kiazi kidogo cha mmea wa jamii ya ndago, lile gugu linalotutesa mashambani. Viazi hivi hukaushwa, hulowekwa, husagwa na maji, hukamuliwa, na kutiwa sukari. Matokeo ni kinywaji cheupe kizito, baridi sana, kisicho na maziwa wala pombe hata chembe. Mtoto, mzee na asiyevumilia maziwa wote wanakunywa.

Agiza *líquida* kwanza ili uijue ladha. *Granizada* ni ya barafu iliyosagwa, na *mixta* ni nusu kwa nusu. Pamoja nayo agiza *fartons*, vimkate virefu laini vilivyopakwa sukari, vya kuchovya. Vimetengenezwa vyembamba ili viingie kwenye glasi.

Linaloharibika hapa ni moja: watu wananunua chupa ya dukani, wanaionja, wanasema horchata ni chaki yenye sukari. Ya chupa ya kudumu imechemshwa ili isiharibike, na uchemshaji huo unaua ladha. Mbichi haidumu zaidi ya siku chache hata kwenye friji. Tafuta sehemu iliyoandikwa *horchata artesana* au *natural*. Ukikosa muda wa kwenda Alboraya, katikati ya mji kuna Horchatería Santa Catalina, jengo la vigae vya kuchorwa.

Umefanikiwa ukiona ladha inafanana na njugu na shamba kwa pamoja, kisha chini ya glasi pakabaki unga kidogo. Huo unga ni chufa yenyewe, itikise unywe.

## Hatua ya 8: Usiku, vidogo vidogo

Baada ya siku kama hii usiku unataka sahani ndogo za kugawana, saa 3 kwenda mbele.

*Esgarraet* ni pilipili hoho nyekundu iliyochomwa na kuchanwa kwa mkono, pamoja na samaki wa chumvi, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Kwa mtu wa pwani aliyekulia ng'onda, ni chakula cha kueleweka tangu tonge la kwanza. Mkate ni lazima, wa kuchovya yale mafuta. *Titaina* ni ya El Cabanyal: nyanya, pilipili hoho, njugu za msonobari na tumbo la jodari lililotiwa chumvi.

*Clóchinas* ni kome wadogo wa Valencia, wadogo kuliko wa kawaida na wenye ladha kali zaidi. Msimu wao ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi Agosti. Ukiwakuta kwenye orodha Desemba, ni kome wengine waliopewa jina lisilo lao.

Ukifika kati ya tarehe 1 na 19 Machi, wakati wa Fallas, sikukuu kubwa ya mji, acha orodha hii na utafute mabanda ya *bunyols de carabassa*: maandazi ya boga yaliyotobolewa katikati, ya moto, yenye sukari, pamoja na chokoleti nzito ya kuchovya. Kula yakitoka kwenye mafuta. Yaliyopangwa kwenye trei tangu asubuhi yameshakuwa mpira.

## Hatua ya 9: Nusu siku ya pili, soko na El Palmar

Asubuhi ingia Mercado Central, iliyofunguliwa 1928, jengo la chuma, vioo na vigae. Ni wazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Jumapili imefungwa, na wengi huishia kupiga picha mlango. Hapa nunua zafarani ya nyuzi, *en hebra*. Usinunue ya unga, maana unga huchanganywa kirahisi na rangi. Mchele chukua wenye muhuri wa *Arròs de València* na jina la aina yake limeandikwa.

Kisha panda basi namba 24 la mji mpaka El Palmar, kijiji kilichomo ndani ya Albufera, ziwa lililozungukwa na mashamba ya mpunga, kama kilomita 10 kusini. Mchele uliokula jana huenda ulilimwa huku.

Chakula cha hapa ni *all i pebre*, kitunguu saumu na paprika: vipande vya mkunga vilivyochemshwa na viazi kwenye mchuzi mwekundu wa mafuta. Nyama ya mkunga ni nyeupe, ya mafuta, na ina mfupa mmoja wa katikati. Unaishika na mkate na kuivua. Mchuzi mzuri umeshikana kwa wanga wa viazi. Ukiona mafuta yameelea peke yake na maji chini, umekosewa. Ujue pia kwamba mkunga wa Ulaya yuko kwenye orodha ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tunaona sahani moja ya kugawana watu wawili inatosha kujua ladha, na wali wa bata wa pale pale ujaze tumbo.

Kabla hujakaa mezani, tazama kwenye kituo saa ya basi la kurudi. Mabasi hupita kwa nafasi kubwa, hasa Jumapili, na teksi haziranderandi El Palmar kama mjini.